Njumu ya Kiti cha Mchungaji

Katika miaka thelathini na sita ya useremala, Ngumbao wa Kisauni alitengeneza zaidi vitu vya aina tatu. Vitanda, ambavyo watu huvilalia mpaka vivunjike. Madawati ya shule, ambayo watoto huyachora majina yao kwa kisu mpaka yavunjike. Na majeneza, ambayo hayavunjiki kwa sababu hayapewi muda. Siku alipotimiza miaka sitini na mbili, goti la kulia likiwa limestaafu kabla yake, aliwaza huku na huku akaona kwamba hakuna kazi yake hata moja ambayo angeweza kutembea akaenda kuitazama.

Jambo hilo alimwambia mkewe Sidi peke yake, na Sidi akawaambia watu wengine wote. Kwa hiyo mtaa mzima wa upande ule wa Frere Town ulijua kwamba Baba Kadzo anataka, kabla mikono haijamkataa, atengeneze kitu kimoja cha kubaki: kikae mahali pa watu, kitumike, na yeye akione akiwa hai. Watu walimwonea huruma kidogo, kisha wakaendelea kumletea vitanda vibovu.

Kanisa analosali liko hatua mia mbili kutoka karakana yake. Wamo humo Wagiriama, Warabai na Waduruma waliokuwapo tangu mwanzo, na wamo watu wa bara walioletwa na bandari, viwanda na uhamisho wa kazi, ambao walikuja kwa miaka miwili na sasa wana wajukuu. Kamati ya ujenzi inaongozwa na hawa wa pili, kwa sababu wao hufika kwenye mikutano. Mwenyekiti ni Mzee Bramwel, aliyefanya kazi miaka thelathini katika kituo cha umeme cha Kipevu, na ambaye huandika kumbukumbu za kikao kama alivyokuwa akiandika joto la mitambo: kila nusu saa, bila maoni.

Mwezi wa sita kamati iliamua kwamba mchungaji apate kiti cha heshima. Mchungaji Phineas, mtu wa Meru, mpole, alikuwa akikalia kiti cha plastiki chenye ufa, na kila akiinuka kiti hicho kilimfinya. Askofu angekuja Jumapili ya pili ya Agosti kuzindua vigae vipya, na ilionekana si vizuri amkute mchungaji akifinywa. Bramwel alishaona dukani, kwenye barabara ya Malindi, kiti cha rangi ya dhahabu chenye kitambaa chekundu na vichwa vya simba mikononi. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Ngumbao aliitazama picha ile, akasema simba wale wanafanana na mbwa wenye homa, na kwamba kiti cha kanisa hakinunuliwi dukani mahali penye fundi.

Wakamuuliza fundi mwenyewe angefanya nini zaidi. Hapo ndipo alipojiponza. Akasema angetengeneza kiti cha mvule, mgongo mrefu, juu duara lenye msalaba, na chote akakitia njumu. Alipoona hawajaelewa akawafafanulia: ni vipande vidogo vya mbao nyeupe vinavyopachikwa ndani ya mbao nyeusi, kwa mstari, mpaka mkono ukipita juu yake usisikie mahali moja inapoishia na nyingine inapoanza. Alijifunza ujanani, miaka miwili, kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa akitengeneza viti vya enzi. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwomba njumu. Wateja wa vitanda huuliza tu kama kitapita mlangoni.

Bramwel akaandika: kiti, mvule, njumu. Kisha akaongeza kwa sauti yake ya kituo cha umeme kwamba kama njumu haitakuwapo kufikia Jumamosi ya mwisho kabla ya askofu, kamati itachukua kile cha simba. Ngumbao akakubali. Sidi alipoambiwa jioni ile aliuliza swali moja tu, ambalo kamati nzima haikuliuliza: hiyo njumu inauzwa wapi.

Mtu anaweza kudhani seremala angeikata mwenyewe. Ngumbao naye alidhani hivyo. Alichukua mkangazi na kipande cha mti mweupe wa mwembe, akanoa patasi, akavaa miwani miwili kwa pamoja, na baada ya siku tisa akawa na shubiri moja ya utepe wa njumu, iliyopinda. Kiti kilihitaji mita saba. Alipiga hesabu akaona kwamba kwa mwendo ule askofu angekuja, angeondoka, na huenda angestaafu.

Basi akaanza kutafuta muuzaji. Alianzia kisiwani, Mji wa Kale, kwenye duka ambalo fundi wake wa zamani alikuwa akinunua tepe hizo zikiwa tayari zimeungwa, zimefungwa kwa karatasi kama ubani. Duka lipo. Linauza vifuniko vya simu. Kijana wa mwenye duka alisema babu yake alikuwa na vitu vya namna hiyo, walivitupa mwaka wa kupaka rangi, na akamuuliza kama simu yake ina kifuniko.

Kutoka hapo akaelekezwa Changamwe kwa Gedion, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu mwenye fulana ya kuakisi mwanga ambayo haivui hata kanisani. Gedion alimweleza kwamba hakuna kitu duniani kisichopita gati za Kipevu, ni suala la kujua kimeandikwa jina gani kwenye karatasi. Alimwambia arudi baada ya wiki. Ngumbao akarudi baada ya wiki, akaambiwa arudi baada ya wiki. Mara ya tatu Gedion alimkabidhi bunda la utepe mpana wa kidole, unang'aa, umeviringishwa vizuri. Ngumbao aliupitisha kidoleni, akaukuna kwa ukucha, akaunusa. Ulikuwa plastiki iliyopigwa picha ya mbao. Si mbao yoyote anayoijua; mbao ambayo mtu aliyeichora alisimuliwa tu. Gedion akamwambia watu wengi hawatambui tofauti. Ngumbao akasema ndiyo, na kwamba watu hao ndio wateja wake wote.

Likoni alikuwako mtu aliyekuwa akitengeneza visanduku vya njumu kwa ajili ya watalii. Ngumbao alivuka kwa feri, akauliza nyumba hadi nyumba, akamkuta anafuga kuku wa kizungu. Alimkaribisha vizuri sana. Alieleza kwamba watalii walipopungua alikaa na visanduku mia mbili ndani, akawa anavitumia kuwasha jiko, na kwamba njumu huwaka vizuri kwa sababu ya gundi. Alisema hayo bila uchungu wowote, huku akiwamwagia kuku chakula. Vifaa alishavigawa. Ngumbao alirudi nyumbani na trei ya mayai.

Wiki ya tano bintiye Kadzo, anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Bamburi, alitafuta kwenye simu. Wauzaji walikuwa wengi mno. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilijibu usiku uleule, kwa adabu, kikiuliza kama wao ni kiwanda pia, na kikaeleza kwamba hakiuzi chini ya kilomita mbili. Ngumbao alifikiria kilomita mbili za njumu. Ni kama umbali wa kutoka karakanani kwake mpaka soko la Kongowea. Akamwambia Kadzo awaandikie kwamba yeye si kiwanda, ni mtu.

Wanjiru alipatikana wiki ya saba, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Alikuwa na karakana Nairobi, mashine ya kukata njumu, na sauti ya mtu ambaye ameshaamua. Alituma picha nne: njumu ya kamba, ya drafti, ya maua, na ya pembetatu. Ngumbao akachagua ya kamba, ileile aliyojifunzia. Kesho yake Wanjiru akapiga.

"Mzee wangu, ya kamba imeisha. Ya drafti pia. Maua kuna dame alibeba yote jana. Imebaki hii ya pembetatu, nyeupe kwa nyeusi, iko poa sana. Nikutumie ama unangoja mwezi ujao?"

Ngumbao hakuwa na mwezi ujao. Alimwambia atume. Nadhani ni hapa mambo yalipoharibika, na hakuna wa kulaumiwa. Mtu akitafuta kitu kwa wiki saba, siku akikipata huwa hana tena nguvu za kukitazama. Alipochukua kifurushi kwenye ofisi ya basi alikata kona moja ya karatasi, akaona ni mbao ya kweli, akaifunika tena na karibu alie.

Kiti chenyewe kilikuwa kimeshasimama. Alikichora mwenyewe bila kipimo cha mtu, mkono ukienda unakotaka: mgongo wa ubao mmoja bapa, mrefu kupita kichwa cha mtu mzima, juu umebanwa kidogo kama shingo, na juu ya shingo duara lenye msalaba. Akachimba mifereji pembeni mwa ubao kutoka shingoni hadi chini, na mingine miwili ikikatiza kifuani. Akatia gundi, akalaza njumu, akabana, akapiga msasa. Siku nne alifanya kazi na uso ukiwa shubiri moja kutoka kwenye ubao, akiangalia kila pembetatu kama imekaa. Zote zilikaa. Mkono ulipita bila kusikia kitu. Hakurudi nyuma hatua tatu akakitazama chote, kwa sababu nyuma hatua tatu kulikuwa na kitanda cha mtu.

Bramwel alikuja, akaona, akavua kofia. Alipiga picha akaituma kwenye kundi la simu la kamati, na majibu yakafurika: mikono ya sala, mioto, na neno "hongera" katika tahajia mbalimbali. Mchungaji Phineas aliandika kwamba hastahili. Wazee wa pwani hawakusema kitu. Hawamo kwenye kundi hilo, simu zao ni za kupiga tu. Ijumaa vijana wanne, Wagiriama waliozaliwa palepale Kisauni, walikibeba kikiwa kimefunikwa shuka hadi madhabahuni, wakakiweka kikielekea mlango, wakaenda zao.

Jumamosi asubuhi Ngumbao alikwenda kukipaka nta. Shuka lilikuwa limeshatolewa. Kina mama wa zamu walikuwa wamekuja kupiga deki vigae, na wote watano walikuwa wamesimama karibu na mlango na ndoo zao, hakuna anayepiga deki. Mbele yao alikuwa Jumwa, ajuza wa zaidi ya miaka themanini, aliyemzika mume, wachungaji watatu na jino lake la mwisho akiwa mshirika wa kanisa hilo. Ngumbao alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kumgeukia.

"Ngumbao, hiki mmemsimamishia nani?"

Akajibu kwamba ni kiti cha mchungaji.

"Mchungaji kafa?"

"Hajafa, hawe," akasema Ngumbao, akimwita bibi kwa Kigiriama. "Nimekutana naye sasa hivi ananunua mahamri."

"Basi mna haraka," akasema Jumwa.

Hapo Ngumbao akageuka, na kwa mara ya kwanza akakitazama kiti chake kwa mbali, kutoka mlangoni, kama mtu anayeingia boma la watu. Kwa asiyekijua, kigango ni ubao ambao Wagiriama humsimamishia mzee mwenye hadhi baada ya kufa kwake, marehemu akishakuja ndotoni kulalamika kwamba amesahauliwa. Kina kichwa cha duara, shingo, kiwiliwili bapa, na kutoka shingoni hadi chini safu za pembetatu zilizochongwa na kutiwa chokaa. Babu yake Ngumbao anacho kimoja huko Kaloleni. Akiwa mtoto alikuwa akikipita kila siku akienda kuchota maji, akishusha macho. Hicho ndicho mkono wake ulichokichora, na Nairobi ikamaliza pembetatu. Ukiacha msalaba, tofauti pekee ni kwamba hiki kilikuwa na mahali pa kukalia.

Aliketi kwenye ukingo wa madhabahu. Mmoja wa kina mama alimpigia simu Bramwel.

Bramwel alifika, akasikiliza maelezo yote mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya kiufundi kuhusu kigango, kisha akamwambia Jumwa, kwa upole, "Mama, hii ni nakshi tu. Imetoka Nairobi na basi."

"Na wale Wazungu waliokuwa wakiving'oa kwenye maboma yetu," akasema Jumwa, "walisema ni mbao tu."

Alipoona hoja haisongi, Bramwel aliamua kiti kitolewe, kile cha simba kiletwe kabla duka halijafungwa. Akawaita vijana wanne waliokileta. Walikuja, wakasimama wakikitazama, kisha kila mmoja akakumbuka jambo kwenye simu yake. Walikuwa wa kizazi ambacho hakijawahi kuona kigango ila kwenye kitabu cha shule, lakini sheria yake moja hata aliyezaliwa hospitalini anaijua: kigango kikishasimama hakihamishwi. Watu ndio wanaohama. Kijiji kizima kinaweza kuhama kikakiacha porini na mchwa, na hakuna atakayekiinua mgongoni.

"Lakini jana mlikibeba," akasema Bramwel.

"Jana kilikuwa kiti," akajibu mmoja wao.

Mwenyekiti, ambaye kwao Bungoma hakuna vigango, alikunja mikono ya shati akakishika mwenyewe. Lakini Ngumbao alikuwa ametumia mvule wa inchi mbili, wa kubaki. Kiti kilinyanyuka upana wa kidole, kikarudi chini, na Bramwel akarudi chini pamoja nacho, mkono kiunoni. Jumwa alimpa pole, akamletea maji katika kifuniko cha ndoo.

Jioni Mchungaji Phineas aliambiwa. Alicheka sana, akasema aliye ndani ya Kristo haogopi ubao, na kwamba atakikalia bila wasiwasi. Sina sababu ya kudhani alikuwa anadanganya. Ila Jumapili, kanisa limejaa, wazee wa pwani wote wamekaa upande wa kushoto na macho yao yametua mahali pamoja, mchungaji alipanda madhabahuni, akakifikia kiti, akakigusa mkono mmoja kama mtu anayesalimia, akasimama kando yake. Alisimama ibada yote, saa tatu na dakika ishirini. Alieleza kwamba askofu akiwepo yeye hupendelea kusimama. Kisha akamkaribisha askofu akalie kiti kipya.

Askofu kwao ni Rabai. Alikitazama kiti kuanzia duara hadi miguu, akarudi juu, kama anayesoma. Alisema ni kazi nzuri, ya mtu anayeijua kazi yake. Kisha akaomba aletewe kiti cha plastiki, kwa sababu ya mgongo. Kile chenye ufa kilikuwa karibu. Katikati ya mahubiri kilimfinya, na akaendelea.

Ngumbao alikuwa benchi la nne. Sidi alimshika kiganja, jambo ambalo hafanyi mbele za watu.

Jumanne mchungaji alikwenda karakanani mwenyewe. Alizunguka kwanza, akaulizia goti, akaulizia Kadzo. Mwishowe akauliza kama njumu inaweza kutoka. Ngumbao akamwambia inatoka: gundi hulegea kwa pasi ya moto na kitambaa kibichi, mifereji hujazwa, na kiti hubaki kitupu. Mchungaji akasema huenda hilo likawasaidia wale wenye imani changa. Hakusema imani changa ni ya nani. Wakati wote huo yeye mwenyewe alikuwa amekaa nusu, kwenye ukingo wa kitanda cha mtu.

Basi mchana ule Ngumbao alibeba pasi ya Sidi, waya mrefu na kitambaa, akaenda kanisani. Tundu la umeme liko moja tu, karibu na kinanda. Aliunganisha, akaweka pasi chini, akangoja ipate moto. Mlango ulikuwa wazi, na barabarani mtu alikuwa anatangaza bei ya nyanya kwa kipaza sauti. Akapitisha kiganja juu ya njumu, kutoka shingoni hadi chini, polepole. Mita saba, wiki saba, Changamwe mara tatu, Likoni na mayai. Hakusikia mahali moja inapoishia na nyingine inapoanza. Kazi safi kuliko hiyo hakuwahi kuifanya, na sasa alitakiwa aibandue kabla hajaizoea.

Pasi ilianza kunuka. Ngumbao aliinama akaichomoa kwenye waya mrefu. Goti likakataa kumnyanyua, na kitu cha karibu cha kushika kilikuwa mkono wa kiti. Akajivuta, akageuka, akakaa.

Alikaa na mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti. Alikuwa mtu wa kwanza kukikalia tangu kiingie humo, na kwa hali ilivyo huenda akawa wa mwisho. Alifikiri kwamba atainuka baada ya dakika moja. Hakuinuka. Jumwa alipoingia na ufagio alimkuta hivyo, ametazama mlango, pasi imepoa miguuni pake. Ajuza alisimama, akamkagua kuanzia kichwani, penye duara, hadi miguuni.

"Haya," akasema. "Kimepata mwenyewe."

Ngumbao alifikiria hilo kidogo. Akajisogeza nyuma, akaegemea, akapima kwa mgongo wake.

"Kinakalika, hawe," akasema. "Ila hapa nyuma kilitaka kulala kidogo. Kama nusu inchi."